Muchimbaji wa shaba wa Katanga: maisha yake na kifo chake, 1910–1941

Katika toleo hili tunaandika juu ya mutu ambaye wazee wetu wengi walimujua, juu alikuwa baba yao ao ndugu ya baba yao: muchimbaji wa shaba wa Katanga, yule wa miaka ya kwanza ya Union Minière. Tunataka kueleza alitoka wapi, aliishi namna gani, na zaidi alikufa na nini. Habari ya kufa kwake inatuhusu siku ya leo, wakati vijana wetu wanaondoka kila wiki kwenda kwenye karieri na sisi bado hatujakubaliana kama chama kinawahesabu ao hapana.

Shaba ya mbele ya kampuni

Kwanza tusahihishe jambo moja. Kuchimba shaba hakukuletwa na muzungu. Miaka mamia na mamia mbele yake, watu wa Katanga walichimba lile jiwe la kijani, malakiti, wakaliyeyusha. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno ya mutama yakiisha kuingia galani. Watu walichimba, wengine wakachagua na kuosha mawe, na mafundi wa moto wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, na makaa, na mivukuto ya ngozi. Shaba ikitoka ilimwagwa ikakuwa misalaba, na ile misalaba ilikuwa feza: ilinunua chumvi, nguo, jembe, hata mahari ililipwa nayo. Ilisafiri mbali, kuelekea bahari zote mbili. Wenye kujua hii kazi waliitwa wala shaba, juu shaba njo iliwalisha.

Muchimbaji wa wakati ule alikuwa mutu wa kijiji. Aliingia kazini na ndugu zake, mvua ikikaribia alirudi kwa shamba lake. Akigonjwa, muke wake alikuwa hapo. Akifa, kaburi lake lilijulikana. Hatusemi kwamba maisha yalikuwa matamu. Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo na kusimamisha utawala wa Bayeke huko Bunkeya, alitoza watu shaba na pembe, na aliuza watumwa pia. Lakini hata chini ya Msiri, kuchimba kulibaki kazi ya msimu, na mutu alirudi nyumbani.

Msiri aliuawa mwezi wa 12, mwaka 1891, na watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa kushika inchi kwa jina la mfalme Leopold II. Mwaka uliofuata, mujuzi wa mawe Jules Cornet alipita akaandika juu ya utajiri uliokuwa chini ya miguu yake. Munamo 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaanzishwa, kwa feza ya Ubelgiji pamoja na feza ya Waingereza wa Robert Williams. Munamo 1910 reli kutoka kusini ikafika mahali walipopaita Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Munamo 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba ya kwanza, kwa jiwe la mugodi wa Étoile, ambao watu waliuita Kalukuluku. Mwaka ule mzima ilitoka karibu tani 1.000. Kampuni ilikuwa na jiwe, ilikuwa na reli, ilikuwa na moto. Ilikosa watu.

Njia ya kwenda kazini

Watu wa karibu, Balamba na Basanga, hawakukimbilia ile kazi. Wengi waliona afazali kulima na kuuzia kambi unga na mboga kuliko kuingia kambini wao wenyewe. Hapo kodi ya kichwa ilianza kudaiwa kwa feza, na mwanaume asiye na feza alitafutwa mpaka kwenye shamba.

Munamo 1910 ilisimamishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafutia migodi wafanyakazi. Mwandikishaji alipata faida kwa kila mutu aliyemufikisha. Alifika kwa chifu na zawadi, akaomba idadi ya wanaume. Chifu naye alitoa wale ambao kuondoka kwao hakutaleta kelele nyingi: kijana asiye na ukoo wenye nguvu, mugeni, mutoto wa aliyekuwa mutumwa. Kwa karatasi, wote walikuwa wamekubali kwa hiari. Kwa barabara, wengine walikwenda wakilindwa na askari.

Wengine wengi walitoka ng'ambo ya Luapula, katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako Robert Williams alikuwa na waandikishaji wake. Sisi tunaotoka Pweto na Moba tunaujua ule mupaka, kwa upande mwingine. Munamo 2000 watu wa Pweto waliuvuka wakikimbia vita, wakapokelewa Zambia, na miaka iliyofuata tukauvuka tena tukirudi. Kumbe miaka themanini ao tisini mbele yetu, mababu wa watu wa huko waliuvuka wakija huku, kutafuta feza ya kodi. Baadaye kampuni ilienda mbali zaidi: Lomami, Kasai, na kati ya 1925 na 1930 mpaka Ruanda-Urundi.

Safari ilikuwa ya miguu, majuma na majuma, kabla ya kufikia reli ao kambi. Mutu alifika amekonda, tumbo linamusumbua, hajazoea unga wa mahindi waliomupimia. Kesho yake akapewa sululu.

Maisha ya kambini

Mikataba ya kwanza ilikuwa mifupi, mingi ya miezi sita. Kampuni ilitaka mwanaume peke yake, bila muke, bila mutoto, juu mwanaume peke yake anakula kidogo na analala popote. Walilala wengi katika nyumba moja ndogo, moto katikati, moshi ndani, baridi inje. Tusisahau kwamba Lubumbashi iko juu, zaidi ya metre 1.200. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi kali, na mutu aliyetoka kwenye joto la bonde la Luapula alikuwa na blanketi moja tu, kama analo.

Kazi ya miaka ya kwanza ilikuwa zaidi juu ya uso wa udongo, katika mashimo makubwa ya wazi: Étoile, Kambove, Likasi, Ruashi. Walivunja jiwe, wakalipakia, wakasukuma vagoni. Kipushi ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920, na hapo njo watu wakaingia chini kabisa. Mbele ya tanuru kulikuwa kazi ya moto na moshi wa salfa, na wengi waliiogopa kuliko shimo.

Aliyekimbia kazi kabla mukataba kuisha hakuhesabiwa kuwa ameacha kazi tu. Kwa sheria alikuwa mukosaji, aliweza kufungwa. Hata hivyo walikimbia, tena wengi. Wakubwa waliandika kwamba mutu mweusi hajui kudumu kwa kazi. Sisi tukisoma habari ya zile nyumba tunaona kwamba walikuwa wanakimbia kifo.

Lugha nayo ina historia yake. Mwanzo, katika ile migodi, wakubwa wengi walitoka kusini na walisema na wafanyakazi kwa Kikabanga, ile lugha ya amri ya migodi ya Afrika ya Kusini. Polepole Kiswahili kikachukua nafasi yake, kwanza juu watu wenyewe, Baluba, Babemba, Bayeke na wengine, walikihitaji ili wasikilizane kambini. Kiswahili cha Lubumbashi tunachosikia leo kilikomaa katika zile kambi, kwa watu wasiokuwa na lugha ingine moja ya kuulizana umelala namna gani.

Alikufa na nini

Mutu akisikia "kifo cha muchimbaji" anafikiri kuporomoka kwa jiwe. Ajali zilikuwako: baruti, vagoni, ukuta wa shimo kuanguka. Lakini waliohesabu vifo vya ile miaka walikuta kwamba ugonjwa uliua watu wengi kupita jiwe. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa wa kwanza. Nyuma yake kuhara damu, tifoidi, na munamo 1918 ile homa kubwa iliyopita dunia nzima, ambayo katika kambi zilizojaa namna ile ilikuta watu wamepangwa tayari.

Na walikufa zaidi wageni. Miezi ya kwanza njo ilikuwa ya hatari. Mutu aliyepita ile miezi alikuwa na nafasi ya kumaliza mukataba na kurudi. Sasa fikirini maana yake kwa kampuni iliyobadilisha watu kila miezi sita: kila mara ilileta wageni wapya, kila mara ikaanza upya na wale wepesi kufa. Namna ya kuandikisha yenyewe ilikuwa inalisha makaburi.

Mugeni alikufa juu ya vitu vinne ambavyo kila mama wa kijiji anavijua: safari ndefu, chakula kibaya, baridi, na kukosa mutu wa kumuangalia. Hicho cha mwisho hakikuandikwa na daktari yeyote kama sababu. Lakini mutu mwenye kuhara katika nyumba ya wanaume waliochoka, nani atamupikia uji? Nani atamupa maji usiku? Asubuhi wenzake wanaitwa kazini, yeye anabaki. Akifa, kitabu cha kampuni kilikuwa na namba yake. Kijijini kwake, muke alingoja. Hakuna aliyekuja kumwambia. Familia ngapi katika Katanga na ng'ambo ya Luapula zilikaa miaka bila kujua kama ni wajane ao hapana?

Waliojitunza wao wenyewe

Watu hawakungoja kampuni ibadilike. Katika miaka ya 1920 Elisabethville ilikuwa na vyama vya wafanyakazi weusi vya kila namna. Vingine vilikuwa vya watu wa kabila moja ao wa njia moja. Vingine vilikuwa vya Mbeni, ule muchezo wa ngoma na maandamano uliozaliwa huko pwani ya Waswahili, Lamu na Mombasa, ukasambazwa na askari na wabeba mizigo wa vita ya 1914–1918. Wana-Mbeni walivaa nguo za kipekee, walijipa vyeo vya kizungu: mufalme, gavana, jenerali, daktari. Wazungu wengine waliwacheka, wengine wakawaogopa na kuwatumia wapelelezi.

Nyuma ya zile nguo kulikuwa sanduku la michango. Memba alitoa kidogo kidogo kwa mushahara wake. Akigonjwa, wenzake walimuangalia. Akifa, walimuzika, walilia matanga, na mutu akatafutwa wa kupeleka habari nyumbani. Wale hawakusoma kitabu chochote juu ya mitualite. Walikuwa na maiti ya mwenzao mbele yao, na hakuna ukoo wa kuizika, basi wakajifanya ukoo. Chama chetu, na karatasi zake na muhuri wake, kina babu wake pale.

Kampuni inabadilisha hesabu

Katika miaka ya 1920 Union Minière nayo ilianza kuona kwamba kuleta watu kutoka mbali na kuwazika ni hasara. Vijiji vilikuwa vinaisha wanaume, na serikali ilianza kuogopa. Watu wa Ruanda-Urundi waliwekwa kwanza katika kambi za kuzoea, wakachanjwa, wakapewa chakula bora kabla ya kuingia kazini. Munamo 1928 mukataba wa miaka mitatu ukakuwa njo kawaida. Kampuni, ikiongozwa kwa mambo haya na Daktari Léopold Mottoulle, ikaanza kutaka wanaume wenye wake. Nyumba za matofali zikajengwa. Posho ikatolewa kwa muke na kwa watoto. Lopitali, nyumba za kuzalia, masomo ya wamisionari yakafuata.

Vifo vikapungua sana. Udongo ulikuwa ule ule, jiwe lile lile, baridi ile ile. Kilichobadilika ni kwamba muchimbaji sasa alikaa zaidi ya miezi ile ya hatari, alikula vizuri, na alikuwa na mutu nyumbani. Tunaandika hii bila kuisifu kampuni. Ilifanya hesabu ya faida, na ile bei ililipwa kwa uhuru: kampuni iliingia mpaka jikoni, ikajua mutoto anakunywa nini, muke anatoka wapi, nani amelala kwa nani. Munamo 1930 shaba ilipita tani 130.000. Kutoka tani 1.000 mpaka pale, miaka isiyofika 20.

Halafu soko la dunia likaanguka. Kati ya 1930 na 1932 kampuni iliachisha watu kwa maelfu, migodi mingine ikafungwa, na wafanyakazi wakarudishwa vijijini, wale wa Ruanda-Urundi wakarudishwa kwao. Mutu aliyekaa kambini miaka mitano alifika kijijini akakuta shamba limelimwa na mwingine na watoto hawamujui. Waliorudi wa wakati ule hawakupewa hata kikaratasi. Hii sehemu, wandugu, hatuna haja ya kuwaeleza.

Kiwanja cha mupira, 1941

Vita ya pili ilipoanza, Ubelgiji ikashikwa na Wajerumani munamo 1940, na shaba ya Katanga ikahitajiwa na Waingereza na wenzao. Kazi ikaongezeka. Bei ya nguo na chakula ikapanda. Mushahara wa mutu mweusi ukabaki karibu palepale. Wafanyakazi wazungu walijiunga wakadai, na weusi waliona vizuri kwamba kudai kunawezekana.

Mwanzo wa mwezi wa 12, 1941, kazi ilisimama katika migodi na matanuru, Jadotville (Likasi ya leo), Kipushi, Lubumbashi. Watu hawa sasa hawakuwa wale wageni wa miezi sita. Walikuwa na wake, watoto, jirani, miaka kumi ya kambi moja. Njo maana waliweza kusimama pamoja.

Tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira cha Elisabethville. Léonard Mpoyi, karani wa kampuni, mutu aliyesoma, alisema kwa niaba yao mbele ya gavana wa jimbo, Amour Maron. Gavana aliwataka warudi kazini. Mpoyi alitaka kwanza uhakika kwamba mushahara utapanda. Mashahidi walisimulia kwamba gavana mwenyewe alimupiga risasi. Nyuma yake askari wakapiga watu kiwanjani. Mpoyi alikufa, na wenzake wengi. Hesabu ya serikali ilikuwa ya makumi. Hesabu ya watu wa mji ilipita mia. Hata pale, mbele ya macho ya mji mzima, hesabu ya wakubwa na hesabu ya wenye maiti hazikukutana. Munamo 1946 njo serikali iliruhusu wafanyakazi weusi kuwa na sendika.

Lakini jina la Mpoyi halikupotea. Watu waliliweka mdomoni, na katika miaka ya 1970 muchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora ile siku. Yule wa 1912 aliyekufa na mapafu katika nyumba yenye moshi hakuchorwa na mutu. Tofauti yao ni kwamba Mpoyi alikufa kati ya watu waliomujua.

Sisi na vijana wetu

Siku hizi hakuna Bourse du Travail. Kijana anajiandikisha mwenyewe: anasikia kwamba karieri fulani inatoa, anapanda kamio ao pikipiki, anakwenda. Sheria ya migodi ya 2002 inamupa muchimbaji wa mikono haki ya kuwa na karte na kufanya kazi katika maeneo yaliyowekwa kwa ajili yake. Lakini tunapotembea vijijini, wazazi wengi hawajui mutoto wao yuko karieri gani, anafanya na nani, wala kama ana ile karte. Anakaa hema la plastiki na wenzake watano, anakunywa maji ya kisima cha karibu na shimo. Ni mwanaume peke yake, mugeni, miezi ya kwanza. Ile hesabu ya zamani imerudi, ila sasa hata kitabu chenye namba hakuna.

Wengine katika chama wanasema: aliyeondoka hachangi, basi si memba. Tunaelewa, sanduku letu ni dogo. Lakini tukisoma ile historia tunaona kwamba mutu anakuwa hatarini zaidi pale pale anapotoka katika hesabu ya watu wake. Basi tunapendekeza mambo matatu, yajadiliwe katika mukutano mkuu ujao.

La kwanza, kila anayeondoka aache kwa mwandishi wa chama jina lake kamili, kijiji, jina la karieri, na namba ya simu ya ndugu mumoja na ya mwenzake mumoja wa kazi. Hii haina bei. La pili, wenye kuwa karieri moja, hata wakiwa watatu, wachague mumoja wa kutupigia simu mwisho wa kila mwezi, aseme nani ni muzima, nani mugonjwa, nani amehama. La tatu, muchango wa aliyeondoka upunguzwe mpaka nusu, lakini usifutwe, ili akigonjwa tuwe na haki na wajibu wa kumufuata, na akifa asizikwe na watu wasiojua jina la mama yake.

Daftari limekwisha kununuliwa, liko kwa mwandishi. Kurasa za kwanza ni tupu. Mwenye mutoto ao ndugu aliye karieri alete majina kuanzia juma hili, asingoje mukutano.